Uzi: Imani, matendo na wokovu, swali linalotufuata hadi kwenye vilio vyetu

Mwalimu wa Katindo, Goma (mtoa mada)

Wandugu, neema na amani ziwe kwenu nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu swali la imani na matendo linazuka karibu katika kila kilio ninachohudhuria hapa Goma. Marehemu akiwa Mprotestanti, mtu atauliza kama alikuwa ameokoka. Akiwa Mkatoliki, atauliza kama alipokea sakramenti kabla ya kufa. Na akiwa ni mtu aliyesaidia mtaa mzima lakini hakuonekana sana kanisani, watu wataanza kubishana mbele ya mjane na watoto wake kuhusu mahali roho yake ilipo. Ubishi huo unawaumiza wafiwa. Mara nyingi huyu anashika Warumi 3:28, yule anashika Yakobo 2:24, wala hakuna kati yao aliyewahi kusoma sura yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nauweka msimamo wangu wazi ili anayetaka kunipinga ajue anachokipinga. Naamini kwamba hakuna tendo, sadaka, mfungo wala hija inayoweza kumnunulia mtu wokovu, kwa kuwa wokovu ni kipawa cha Mungu, nasi tunakipokea kwa imani. Naamini vilevile kwamba imani isiyofika mikononi, sokoni na ofisini siyo ile ambayo Paulo aliihubiri, na mwenye nayo hana sababu ya kujifariji.

Tuanze na Paulo. Aliwaandikia Warumi wakati makanisa yalikuwa yanasumbuliwa na swali moja zito: je, mtu wa mataifa ni lazima kwanza atahiriwe na kushika sheria ya Musa ndipo Mungu amkubali? Ni swali lilelile lililowakutanisha mitume Yerusalemu katika Matendo 15, na ndilo lililomfanya awaandikie Wagalatia kwa ukali. Jibu lake ni kwamba wote wamefanya dhambi, Myahudi na asiye Myahudi, kwa hiyo hakuna anayekuja mbele za Mungu akiwa na cha kumdai. "Mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria," yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Lakini nawaomba msifunge kitabu hapo. Katika sura ya 6 anauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, naye anajibu, "Hasha!" Katika sura ya 12 anaagiza kuwakaribisha wageni na kumlisha adui mwenye njaa, katika sura ya 13 anaagiza kulipa kodi, na katika sura ya 15 anaeleza kwamba yuko safarini kwenda Yerusalemu kuwapelekea maskini wa huko mchango uliokusanywa Makedonia na Akaya. Mtume wa imani alikuwa njiani na fedha za maskini!

Yakobo naye anazungumza na kusanyiko la namna nyingine. Ni watu wenye maneno ya imani, ambao tajiri mwenye pete ya dhahabu akiingia wanampa kiti kizuri, lakini maskini mwenye mavazi mabovu wanamwambia asimame kule au akae chini. Ni watu wanaomwona ndugu aliye uchi na mwenye njaa, kisha wanamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Kwa watu hao Yakobo anasema kwamba hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Imani anayoikataa ni ile ambayo hata mashetani wanayo, na Paulo hakuwahi kuihubiri imani hiyo mahali popote.

Tazameni pia jinsi wote wawili wanavyomtumia Abrahamu. Wote wananukuu Mwanzo 15:6, kwamba Abrahamu alimwamini Mungu akahesabiwa haki. Paulo anasisitiza kwamba wakati huo alikuwa bado hajatahiriwa, jambo linalokuja katika Mwanzo 17 akiwa na miaka 99. Yakobo anatazama Mwanzo 22, siku ya madhabahu ya Moria, Abrahamu alipomtoa Isaka mwanawe. Hesabuni miaka: Ishmaeli alizaliwa baba yake akiwa na miaka 86, yaani baada ya ile ahadi ya sura ya 15, Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100, na siku ya Moria Isaka alikuwa tayari na nguvu za kubeba kuni mlimani. Kati ya imani ya sura ya 15 na tendo la sura ya 22 ilipita zaidi ya miaka 14. Mungu hakusubiri Moria ndipo amkubali Abrahamu. Hata hivyo ilipofika Moria, imani ya zamani ilionekana ni ya aina gani, na ndiyo maana Yakobo anaandika kwamba kwa matendo imani ile ilikamilishwa.

Mwisho, nawaomba tuusome Waefeso 2 mpaka mstari wa 10. Wahubiri wengi huishia mstari wa 9, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," na hapo mkutano unapiga makofi. Mstari unaofuata unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Utaratibu wenyewe uko hapo: neema kwanza, imani inaipokea, matendo yanafuata.

Mkatekista wa Kadutu, Bukavu

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika bila matusi, maana sisi Wakatoliki tumechoka kuambiwa kwamba tunanunua mbingu kwa rozari. Naomba niongeze jambo ambalo ndugu zetu wengi hawalijui. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya tarehe 13 Januari 1547 kuhusu kuhesabiwa haki, ulianza kanuni zake kwa kumlaani yeyote asemaye kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kabisa. Sura ya 8 ya hati hiyohiyo inasema kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Karne nyingi kabla yake, Kanisa lilikuwa limekwisha kuyakataa mafundisho ya Pelagius, aliyedhani kwamba mtu anaweza kwa nguvu zake mwenyewe kutimiza anayotakiwa na Mungu, na Mtakatifu Augustino alikuwa mstari wa mbele katika kumjibu.

Tunachokikataa ni imani peke yake ikiwa maana yake ni imani isiyo na matumaini wala mapendo. Paulo mwenyewe anasema katika 1 Wakorintho 13 kwamba ningekuwa na imani timilifu kiasi cha kuhamisha milima, kama sina upendo, si kitu mimi. Nakubali pia kwamba wakati wa Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, kulikuwa na biashara ya rehema, yaani watu kutoa fedha ili wapunguziwe adhabu ya dhambi, nayo ililitia Kanisa aibu. Trento wenyewe, mwaka 1562, uliifuta kazi ya wale waliokuwa wakizunguka kukusanya fedha kwa njia hiyo. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa na sababu, lakini tusiendelee kugombania jambo ambalo limekwisha kusahihishwa.

Mwalimu wa Katindo, Goma

Ndugu yangu wa Kadutu, umesema vema. Na mimi kwa upande wetu wa Kiprotestanti lazima niseme wazi kwamba wengi wetu tunamtaja Luther bila kumsoma. Ni kweli kwamba mwaka 1522, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, na katika hilo naona alikosea. Lakini katika toleo lilelile, kwenye utangulizi wa Warumi, alieleza kwamba imani ni kitu chenye uhai na kisichotulia, ambacho hakiulizi kama kuna jambo jema la kufanya, kwa kuwa kabla ya kuulizwa kimekwisha kulifanya. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 6, linasema imani hii haina budi kuzaa matunda mema. Mtu anayetumia jina la Luther ili apate ruhusa ya kuishi ovyo, Luther mwenyewe angemkana.

Makanisa yenyewe yameliona hilo. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, katika imani, bila stahili yoyote upande wetu, na kwamba Roho Mtakatifu anaifanya upya mioyo yetu na kutuita kwenye matendo mema. Si Walutheri wote duniani walioliunga mkono, na tofauti zimebaki: Wakatoliki wanafundisha kwamba haki aliyopewa mtu inaongezeka kwa matendo mema anayotenda akiwa ndani ya neema, nasi tunaogopa neno stahili liwe mlango wa majisifu. Naiona tofauti hiyo kuwa ya kweli, na sitaki kuifunika. Ila haitoshi kutufanya tubishane mbele ya jeneza.

Mmethodisti wa Kamalondo, Lubumbashi

Salamu kutoka Lubumbashi. Huo utangulizi wa Warumi ulioutaja hapo juu, Mwalimu, una historia nyingine kwetu. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa barabara ya Aldersgate huko London, mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi huo wa Luther, na John Wesley aliyekuwa akisikiliza akausikia moyo wake ukipata joto lisilo la kawaida, akajua kwamba anamtegemea Kristo peke yake kwa wokovu wake. Huyo alikuwa amekwisha kuwa padri wa Kianglikana, mtu wa kufunga na kutembelea wafungwa, aliyevuka bahari kwenda Georgia kuhubiri. Matendo alikuwa nayo mengi, lakini amani hakuwa nayo. Baada ya jioni ile hakuyaacha matendo. Mwaka 1743 aliziwekea jumuiya zake kanuni za kutotenda ubaya, kutenda mema kadiri ya uwezo, na kuzishika ibada zilizoagizwa na Mungu. Baraza la Wamethodisti Duniani nalo lilijiunga na tamko la Augsburg mwaka 2006.

Swali langu, Mwalimu, ni hili: tutaifanyaje siku ya hukumu? Warumi 2:6 inasema Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake, na katika Mathayo 25 Mfalme haulizi habari za imani hata mara moja. Anauliza habari za njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na gereza.

Mwalimu wa Katindo, Goma

Hili ni swali gumu kuliko yote ya uzi huu, na sitalijibu kwa haraka.

Kwanza, tusiipunguze nguvu Mathayo 25. Wale wa mkono wa kushoto walimwita Bwana, kama sisi tunavyomwita. Hawakuhukumiwa kwa kuua wala kwa kuiba. Walihukumiwa kwa kutofanya. Mlinikuta na njaa, hamkunipa chakula. Mhubiri yeyote anayewahakikishia watu kwamba sura hii haiwahusu kwa sababu waliinua mkono siku ya mkutano wa injili, anawadanganya.

Lakini angalieni jibu la wenye haki. Wanauliza, "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa tukakulisha?" Hawakuwa na daftari la hesabu. Watu waliotenda ili wapate wokovu wangekumbuka kila sahani ya ugali waliyotoa. Hawa wanashangaa, na Mfalme anawaambia waurithi ufalme waliowekewa tayari tangu kuumbwa ulimwengu. Mrithi hapokei mshahara. Hivyo ndivyo ninavyoelewa: hukumu inatangaza mbele ya wote imani ya mtu ilikuwa ni ya namna gani, na matendo ndiyo ushahidi usioweza kughushiwa.

Wakazi wa Goma tulikwisha kuiona sura hiyo kwa macho. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka katika mitaa mingi ya mji, maelfu ya watu walitembea hadi Sake kwa miguu, wengine wakapanda mashua kwenda Minova na Bukavu, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Familia nyingi ziliwapokea watu ambao hazikuwajua hata kwa jina. Mama mwenye chumba kimoja alitandika mkeka, akaongeza maji katika sufuria ya maharagwe ili yatoshe. Sidhani kuna aliyefanya hivyo akiwa amekaa kwanza kutafakari kama tendo lile ni la kabla au la baada ya kuhesabiwa haki.

Paulo anayaunganisha yote katika Wafilipi 2: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka," na papo hapo anaongeza, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu." Tunatenda, naye ndiye anayetenda ndani yetu.

Mama wa Ndosho, Goma

Mwalimu, nina jambo linalonichoma. Dada yangu ni mjane, anauza makala, yaani makaa ya kupikia. Mtoto wake alipougua, katika chumba kimoja cha maombi aliambiwa kwamba imani bila matendo imekufa, hivyo atoe fedha kama tendo la imani ili mtoto apone. Alitoa hata mtaji. Mtoto hakupona haraka, naye akaambiwa imani yake ni ndogo. Je, hiyo ndiyo maana ya Yakobo? Na yule mnyang'anyi wa msalabani alitoa nini?

Mwalimu wa Katindo, Goma

Mama, pole sana, na umpe pole dada yako. Nakujibu bila kuzunguka: alichofanyiwa ni dhuluma, na kukifunika kwa mstari wa Biblia kunaongeza uzito wa dhambi hiyo. Katika Yakobo 2 mwenye kitu ndiye anayetakiwa kumpa asiye na kitu. Mstari wa 15 unamtaja waziwazi hata ndugu wa kike aliyepungukiwa na riziki. Dada yako ndiye huyo. Kama watu wale wangetaka kuutii waraka, wangetoa wao fedha, wakampeleka mtoto hospitali, wakamwongezea mama yule gunia la makala. Hayo ndiyo matendo ambayo Yakobo anayataka, na katika sura ya 1 mstari wa 27 anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kudai fedha kwa ajili ya uponyaji ni kuifufua biashara ileile ambayo ndugu wa Kadutu ametuambia Kanisa lake liliifuta mwaka 1562.

Naomba pia tusiwahukumu Wapentekoste wote kwa ajili ya hao. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, iko chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC. Ni watu wanaohubiri imani kwa sauti kubwa, na mikono yao imewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani.

Kuhusu mnyang'anyi: hakutoa kitu, wala hakubatizwa, wala hakupata siku ya pili ya kuishi. Alipewa Paradiso siku ileile. Yeyote anayesema kwamba matendo ndiyo bei ya wokovu lazima amweleze mtu huyu, na hawezi. Lakini katika muda mfupi aliobakiwa nao, akiwa amepigiliwa na hawezi kuinua mkono, imani yake ilifanya yote yaliyowezekana: alimkemea mwenzake, alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, alimtetea Yesu asiye na hatia wakati ambapo wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia. Anayesema atasubiri kitandani pa kufa kama yule mnyang'anyi, akumbuke kwamba yule hakuwa amepanga kusubiri.

Kijana wa Birere, Goma

Mwalimu, mimi nimeokoka, naimba kwaya. Lakini kazini hali ni nyingine. Ukikataa matabishi, yaani rushwa, wakubwa wanakuona mbaya na unaweza kupoteza kazi. Mungu anauona moyo, sivyo? Halafu nina jambo lingine: kabla ya kuokoka nilishiriki kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, na aliyepoteza anaishi mtaa wa jirani. Mchungaji mmoja aliniambia kwamba damu ya Yesu imefuta yote, nisirudi nyuma.

Mwalimu wa Katindo, Goma

Ndugu yangu mdogo, nakuheshimu kwa kulisema hadharani.

Kuhusu matabishi, mji wetu una jibu lenye jina. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, Mkatoliki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliyewashughulikia watoto wa mitaani tunaowaita maibobo. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, hapa mpakani. Vililetwa vyakula vilivyoharibika, akapewa fedha ili viruhusiwe kuingia sokoni, akakataa, kwa sababu vingeliwa na watu. Mwaka 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, na ibada ilifanyika Roma katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mahali linapoheshimiwa kaburi la mtume yuleyule aliyeandika kwamba tunahesabiwa haki kwa imani. Mimi ni Mprotestanti, sina desturi ya kuomba kwa wenyeheri, lakini kijana huyu ananifundisha Wagalatia 5:6 kuliko vitabu vingi: "imani itendayo kazi kwa upendo." Kukataa kwake hakukuwa malipo ya mbingu. Alimwamini Kristo, na jambo hilo liliamua ni karatasi gani atakayoitia sahihi na ipi hataitia. Wewe unasema Mungu anauona moyo. Anauona kweli, ndugu yangu, na anaona pia kwamba mkono wako umeongozwa na moyo huohuo.

Kuhusu kiwanja, damu ya Yesu inaiondoa hatia yako mbele za Mungu, lakini haimrudishii jirani yako fedha zake. Soma Luka 19. Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla mtu yule hajarudisha hata senti, na watu wakanung'unika kwa sababu hiyo. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama, akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Hesabu 5:7 ilimtaka anayekiri kosa la namna hiyo arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano tu. Zakayo alizidisha mwenyewe bila kuamriwa, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile.

Basi nenda kwa jirani huyo, ufuatane na mzee wa kanisa na mkuu wa mtaa ili mambo yaandikwe, ukubali kosa kwa kinywa chako, na mpatane jinsi utakavyomlipa, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi. Kama mwenzako mliyeshirikiana naye yupo, mwambie naye. Ukihitaji mtu wa kufuatana nawe, niandikie, tutakwenda pamoja.